Makundi matano ya mafuta ya msingi ya oili

Oili ya injini iliyomo kwenye dumu ni mchanganyiko. Sehemu kubwa, aghalabu zaidi ya robo tatu, ni mafuta ya msingi; kinachobaki ni kemikali za kuongezea, kama zile za kuzuia kutu na kuondoa masizi. Oili ikiitwa ya kawaida au sintetiki (yaani ya kuundwa), kinachozungumziwa ni hayo mafuta ya msingi.

Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) imeyagawa katika makundi matano. Kundi la I hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa viyeyusho, na hubaki na salfa nyingi kuliko mengine. Kundi la II husafishwa kwa hidrojeni: salfa haizidi asilimia 0.03. Kundi la III ni hivyo hivyo, ila kiashiria chake cha mnato ni 120 au zaidi, yaani joto likipanda mafuta yake hayawi mepesi haraka kama ya yale mawili. Kundi la IV ni PAO, inayoundwa kiwandani kwa kuunganisha molekuli ndogo, hasa za kemikali iitwayo deseni. La V ni kapu la vyote vilivyobaki, kemikali ziitwazo esta zikiwemo.

Zamani sintetiki ilimaanisha IV na V, basi. Miaka ya 1990 kampuni ya oili ya Castrol ikaondoa PAO kwenye oili yake ya Syntec, ikatia Kundi la III, na jina la sintetiki ikaliacha palepale. Mshindani wake Mobil ikalalamika mbele ya NAD, chombo cha usuluhishi cha sekta ya matangazo Marekani. Castrol ikajitetea kwamba hidrojeni, kwa joto na shinikizo kubwa, huvunja molekuli za mafuta ghafi na kuzipanga upya, na huko nako ni kuunda. Mwaka 1999 ikashinda. Ujerumani hawakukubali kirahisi: kule jina la "sintetiki kamili" limebaki la IV na V.

Kwa maoni yangu, Castrol ilishinda kwa hoja ya kemia, lakini mnunuzi ndiye aliyepoteza, maana lebo moja sasa inabeba bidhaa mbili zenye gharama tofauti za kutengeneza. Hata hivyo Kundi la III si oili mbaya. Likitiwa kemikali nzuri, linaweza kuishinda PAO iliyochanganywa ovyo.

Dumu kwa kawaida halitaji kundi. Linataja mnato, tuseme 5W-30, na daraja la ubora kama API SP au ACEA C3 (ACEA ni chama cha watengenezaji magari wa Ulaya). Hayo ndiyo ya kulinganisha na kitabu cha gari.