Mvua Unayoilaani Ilikuwa Theluji: Dhana Potofu za Majira ya Baridi

Kwa wanaoishi kwenye nchi zenye misimu minne, wimbo wa majira ya baridi ni uleule. Mvua inakuja kwa ubavu, upepo unaupindua mwavuli kabla hujafika kona, giza linaingia saa kumi jioni, na kipimajoto kimeng'ang'ania nyuzijoto 4. Watu wananung'unika, kisha hapohapo wanachungulia dirishani: huenda leo itaanguka theluji. Mimi ni mmoja wao. Naipenda theluji kwa moyo wote, nimeisubiri kwenye madirisha mengi, na katika kusubiri huko nimesikia maelezo mengi yasiyo ya kweli kuhusu kwa nini haiji.

Dhana: Mvua ni kitu kimoja, theluji ni kitu kingine

Tunazungumza kana kwamba kuna mawingu ya mvua na mawingu ya theluji, nasi tumepangiwa yale mabaya. Ukweli ni kwamba katika nchi za ukanda wa kati, zilizo mbali na ikweta lakini hazijafika kwenye ncha, mvua nyingi ya majira ya baridi huzaliwa ikiwa barafu. Sehemu ya juu ya wingu iko chini ya sifuri. Humo hukua fuwele ndogo za barafu, zinashikana, zinakuwa nzito, zinaanza kushuka. Zikifika pale joto la hewa linapovuka sifuri huanza kuyeyuka, na zikishuka mita 200 au 300 zaidi zinakuwa zimekwisha kugeuka matone. Manyunyu mepesi ya mawingu ya chini hayamo kwenye hesabu hii, maana hayo mara nyingi ni maji tangu mwanzo. Lakini ile mvua ya dhoruba inayopiga dirisha usiku kucha ilikuwa theluji dakika chache kabla ya kukugusa.

Nilipolielewa hili, sikuitazama tena mvua kama zamani. Theluji ninayoisubiri ipo. Iko juu ya paa, pengine mita mia kadhaa tu, inaanguka gizani. Kinachokosekana ni ubaridi wa tabaka la mwisho la hewa, lile tunalotembea ndani yake.

Ndiyo maana mtu wa bondeni analowa huku kilele cha jirani kinageuka cheupe. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kupanda, na sheria hiyo haijali uko latitudo gani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameiona theluji juu ya Kilimanjaro, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimkatalia katakata. Cooley aliangalia ramani, akasahau kimo.

Dhana: Theluji ni tone la mvua lililoganda

Tone la mvua likiganda njiani huwa punje ngumu ya barafu inayoruka ikigonga lami. Theluji haipitii huko. Mvuke ulio hewani hujijenga moja kwa moja juu ya chembe ya barafu bila kwanza kuwa tone, na kwa sababu molekuli za maji hujipanga kwa pembe sita, nyota ya theluji huwa na mikono sita. Umbo lake linategemea joto na unyevu wa hewa iliyopita. Mjapani Ukichiro Nakaya alilithibitisha hilo kwenye maabara yake huko Hokkaido, ambako mwaka 1936 alifanikiwa kuotesha fuwele ya kwanza ya theluji iliyotengenezwa na binadamu.

Dhana: Lazima iwe chini ya sifuri

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa mapema. Wanaangalia kipimajoto, wanaona 2, wanafunga pazia. Kumbe theluji nzito kabisa huanguka mara nyingi hewa ya chini ikiwa kati ya sifuri na nyuzi 2, kwa kuwa hewa ya joto hilo bado ina mvuke wa kutosha.

Siku moja nilisimama nje kipimajoto kikisoma 2, nimevaa koti jeusi, mvua ikiwa imechanganyika na theluji. Nikanyoosha mkono. Nyota moja ilitua kwenye nyuzi za sufu, nzima, mikono yote sita. Ncha za mikono zikaanza kuwa na mng'ao wa maji, zikajikunja kuelekea katikati, kikabaki kitovu kidogo cheupe, kisha tone lisilo kubwa kuliko kichwa cha pini. Nadhani haikuchukua sekunde nne. Kile nilichokiona kwenye mkono wa koti ndicho kilichokuwa kikitendeka hewani juu yangu, mara mamilioni.

Hewa ikiwa kavu, theluji huweza kustahimili hata joto la juu kidogo. Maji yanayotoka kwenye fuwele hupotea kama mvuke, na kuvukiza huko kunaipoza fuwele yenyewe, kama jasho linavyompoza mtu. Ndiyo sababu wanaotabiri theluji hawatosheki na kipimajoto cha kawaida. Wanataka kujua pia kinasoma nini kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Nyuzi 3 zenye hewa kavu zina matumaini kuliko nyuzi 1.5 zenye ukungu.

Dhana: Upepo na unyevu ndio wanaoifukuza theluji

Hapa lawama yetu ni nusu kweli, na nusu hiyo inastahili kutenganishwa vizuri.

Bila unyevu hakuna theluji. Siku ya baridi kali yenye anga la buluu ni nzuri, lakini haitaleta hata punje. Na upepo ndio mbebaji. Pepo baridi za Siberia zinavuka Bahari ya Japani, zinanyonya mvuke wa maji yaliyo na joto zaidi, zinapanda milima ya Honshu na Hokkaido na kuitupa huko theluji inayofunika madirisha ya ghorofa ya kwanza. Ziwa Erie hufanya vivyo hivyo kwa mji wa Buffalo nchini Marekani. Novemba 2014 baadhi ya vitongoji vyake vilifunikwa kwa zaidi ya mita 1.5, huku mitaa iliyo kilomita chache tu pembeni ikipata kidogo sana.

Swali ni upepo umetoka wapi. London iko kaskazini zaidi kuliko Montréal, lakini Montréal hupata kama mita 2 za theluji kila majira ya baridi, na London inaweza kumaliza msimu na tope tu. Pepo za London kwa kawaida hutoka magharibi, zimepita maelfu ya kilomita juu ya Atlantiki ambayo haigandi. Za Montréal zinapita juu ya bara lililoganda. Mkondo wa pepo za juu ukiwa na nguvu na umenyooka, dhoruba za Atlantiki zinapanga foleni kuingia Ulaya ya kaskazini-magharibi: mvua, upepo, nyuzi 8, mvua tena. Ndivyo ilivyokuwa majira ya 2013 hadi 2014 nchini Uingereza, yaliyovunja rekodi ya mvua. Mkondo huo ukilegea na upepo ukageuka kutoka mashariki, mambo hubadilika ndani ya siku mbili na theluji ikaingia, kama huko Uingereza mwishoni mwa Februari 2018.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji nishati inayotosha kuipasha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Nishati hiyo inatoka kwenye hewa. Kwa hiyo kila fuwele inayoyeyuka juu yako inaipoza hewa inayoifuata. Mvua ikiwa nzito na ikadumu, tabaka la joto linaliwa polepole kutoka juu kwenda chini, mpaka fuwele za mwisho zinakuta njia imepoa na kufika ardhini zikiwa nzima. Upepo mkali huiharibu kazi hiyo kwa kuleta hewa mpya yenye joto kila dakika. Basi upepo huleta theluji, na unaweza pia kuinyima. Usiku wa kutazamia ni ule ambao mvua inazidi na upepo unapungua.

Dhana: Kuna baridi inayozidi hata theluji ishindwe kuanguka

Hakuna kiwango cha baridi kinachoizuia theluji. Ila hewa baridi hubeba mvuke kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi sifuri inaweza kubeba karibu gramu 5 za mvuke, na ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri ni kama gramu 1 tu. Antaktika, ambako mnamo Julai 1983 kituo cha Vostok kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri, ni jangwa kubwa kuliko yote duniani. Theluji yake ni ya karne nyingi, iliyojikusanya kwa sababu haipati nafasi ya kuyeyuka.

Dhana: Watabiri wanabahatisha

Nawatetea watabiri hapa kwa dhati, maana wanatukanwa bila haki. Jumatatu simu inaonyesha alama ya theluji kwa siku ya Alhamisi. Jumatano alama imetoweka, imerudi mvua, na watu wanajiona wamedanganywa.

Chukua utabiri uliokosea kwa nyuzi moja tu. Siku ya kawaida ya mvua, hakuna atakayejua. Uliambiwa 7, ikawa 8, umelowa kama ulivyoambiwa. Lakini kosa hilohilo likiangukia kwenye nyuzi 1, linabadilisha kila kitu. Milimita 10 za maji ni mvua ya asubuhi moja. Milimita hizohizo zikishuka kama theluji ni takriban sentimita 10, zaidi ikiwa theluji ni kavu na nyepesi, pungufu ikiwa majimaji. Mtabiri anatakiwa aseme wapi mstari huo utapita, na pengine unapita katikati ya mji. Nimewahi kupanda basi kwenye mvua, nikashuka juu ya kilima kwenye theluji, safari isiyofika robo saa. Aliyetabiri mvua alisema kweli, na aliyetabiri theluji pia.

Suala la Krismasi nyeupe nalo linachanganya. Kwa kipimo cha idara ya hali ya hewa ya Uingereza, inatosha ionekane chembe moja ya theluji ikianguka wakati wowote ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba. Ardhi nyeupe si sharti. Mwaka 2010 ulikuwa tofauti: vituo 83 kati ya kila 100 viliripoti theluji ardhini.

Wanaonung'unika wana haki

Si dhana zote ni potofu. Mtu akisema nyuzi 4 za mvua na upepo zinamuumiza kuliko nyuzi 5 chini ya sifuri zilizo kavu na tulivu, mwamini. Maji huondoa joto mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na koti lililolowa si koti tena. Upepo wa kilomita 40 kwa saa kwenye nyuzi 5 unahisiwa kwenye ngozi kavu kama nyuzi 1 chini ya sifuri, na hapo mvua haijahesabiwa. Watu hupoteza joto la mwili kwa kiasi cha hatari bila maji kuganda popote. Kosa ni kudhani kwamba upepo huo utaigandisha ndoo iliyojaa maji uani. Ndoo haitashuka hadi kwenye lile joto linalohisiwa. Upepo utaifikisha haraka tu karibu na joto la hewa yenyewe.

Dhana: Zamani ilianguka kila mwaka

Kumbukumbu huhifadhi miaka mikubwa na kutupa mingine. Wazee wa Uingereza wanaukumbuka msimu wa 1962 hadi 1963, uliokuwa wa baridi kali kuliko yote katikati ya Uingereza tangu 1740. Ulikumbukwa kwa kuwa haukuwa wa kawaida. Maonyesho ya mwisho juu ya Mto Thames ulioganda yalikuwa 1814, na mto huo haukuacha kuganda mjini London kwa sababu ya joto peke yake. Daraja la kale lenye nguzo nene lililopunguza kasi ya maji lilibomolewa baada ya jipya kufunguliwa mwaka 1831.

Hata hivyo dunia imepata joto kweli, na pale theluji inapotegemea nyuzi moja, nyuzi moja ndiyo hiyo imechukuliwa. Wala dhoruba moja ya theluji haikanushi hilo. Hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo siku chache zinazobaki na baridi ya kutosha zinaweza kumwaga theluji nyingi.

Dhana: Kuitamani theluji ni utoto

Lami iliyolowa humeza karibu mwanga wote unaoifikia. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Katika mwezi ambao jua linachomoza na kuzama ndani ya saa nane, hiyo ni tofauti ya kuishi kwenye chumba chenye taa na kisicho na taa. Halafu ule ukimya si wa kufikirika, kwa sababu theluji mpya ni hewa kwa sehemu kubwa, na vijitundu vyake hunyonya sauti. Najua kuna wanaoteleza, wanaokwama barabarani, wanaolazimika kuizoa kwa koleo kabla ya kwenda kazini. Hayo yote ni kweli, na bado mwili unaodai mwanga haujakosea.

Januari moja nilikuwa dirishani karibu na saa tano usiku. Kipimajoto cha nje kilisoma 3, mvua ikawa nzito, kisha upepo uliovuma tangu asubuhi ukalegea. Baada ya nusu saa kikasoma 2. Nikaweka macho kwenye taa ya barabarani, pale matone yanapoonekana kama mistari. Saa sita na robo, 1. Mistari ikaanza kuwa minene, baadhi ikikatika. Halafu chembe moja ikapita mwangani polepole kuliko nyingine, ikayumba, ikapanda kidogo kabla ya kushuka.