Tangazo linasema usisambaze, halijasema unyamaze

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tokea matangazo yetu ya usalama wa watoto mtandaoni hapa Zanzibar yaanze kusikika redioni na mabango kubandikwa, simu ya ofisi haipoi, na wengi wanaopiga hawapigi kuripoti, wanapiga kutugombeza. Wengine wanasema tangazo linawalinda wadhalilishaji kwa vile linakataza watu kurusha video za watoto wanaodhalilishwa. Wengine wanauliza mbona bango la watoto halina sura ya mtoto, kaonekana mgongo tu na simu mkononi, kwani mpiga picha kakosekana?

Hili la bango nilimalize haraka. Bango linakaa muda mrefu, mtoto anakua, na kesho wenzake watamwita "yule wa tangazo la udhalilishaji" na wala hajadhalilishwa na mtu. Halafu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, maana yake huzichukui ukazitumia bila ya ridhaa ya maandishi. Na ofisi yetu nayo inabanwa na sheria hiyo hiyo, si nyinyi tu.

Sasa la video, ambalo ndo limenifanya niandike. Kikitokea kisa mtaani, kabla mtoto hajafikishwa hospitali, ile klipu ishapita grupu la familia, la wazazi wa skuli, la mpira, la akina mama wa kikoba, na chini yake imeandikwa "sambaza mpaka huyu mtu akamatwe". Nia najua ni njema, sibishani na nia ya mtu. Lakini hebu itazameni vizuri hiyo klipu, anaetambulika humo ni nani? Mara nyingi mkosaji kageuka au haonekani kabisa, anaetambulika ni mtoto, sare yake ya skuli, mlango wa kwao, sauti ya mama yake anamwita kwa jina. Mkosaji akija kufungwa atatoka siku moja, klipu bado itakuwa kwenye simu ya mtu.

Na kisheria ni hivi, naomba msome kwa utulivu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar (wale wanaosema "hiyo ya Bara hiyo" waache, ni kifungu cha 50 tu ndo hakituhusu huku). Kifungu cha 13 kinahusu picha na video za ngono za watoto, na kosa linalotajwa humo ni kuchapisha au kumuwezesha mwengine azipate kupitia kompyuta, na simu yako ni kompyuta. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au mara tatu ya faida uliyopata, ile iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Usiombe kujitetea kwa "nilifowadi tu". Kifungu cha 23 kinahusu kumtisha au kumsumbua mtu kwa ujumbe wa mtandaoni, humu wanaingia wale wanaomwambia msichana nitumie pesa au nairusha picha yako, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu au vyote. Na mtoto ni nani? Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, imesema ni aliye chini ya miaka 18. Habari za "lakini yule keshakuwa mkubwa, umbo lake unaliona" tumechoka kuzisikia.

Kwa hiyo ukiipata klipu ufanye nini? Usiirushe na usiifute. Usipige skrini shoti za mtoto akiwa uchi, hapo unazidisha nakala. Andika kwenye karatasi namba iliyokutumia, jina la grupu, siku na saa, kama ni akaunti ya TikTok au Facebook andika jina lake kama lilivyo, maana wakishtuka wanabadilisha. Kisha ichukue simu yenyewe uende nayo polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ueleze, uchukue namba ya jalada, usiondoke bila ya hiyo namba kwa sababu ndo utakayoulizia kesi. Mtoto apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono, Unguja kipo Mnazi Mmoja na Pemba kipo Chake Chake, pale daktari, mshauri na polisi wanakutana sehemu moja, mtoto hasimulii hadithi ile ile kwenye madirisha matano. Ukiwa hujui uanzie wapi piga 116, ni bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kinachotuvunja nguvu zaidi ni muhali, kule kuoneana haya kwa jamaa. Baba anakuja na simu, anaonesha kila kitu, halafu akishajua mtumaji ni mtoto wa shemeji yake anasema basi tutayamaliza nyumbani. Yaliyomalizwa nyumbani huwa yamemalizwa kwa watu wazima tu, mtoto anabaki anamuamkia mtu yule yule kila sikukuu. Na msinambie haya ni mambo ya Ulaya, utafiti wa UNICEF, ECPAT (mtandao unaopinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL uliotoka 2022 ulifanywa hapa hapa Tanzania, na umeonesha wanaowafanyia watoto haya mara nyingi ni watu wanaowajua.

Wazazi na walimu nao niwaguse kidogo. Picha ya Idi ya mtoto kapendeza, hakuna anaeikataza, ila ukiweka na jina kamili, skuli yake na lokesheni ya nyumba, umempa mgeni kila anachotaka kumwambia mtoto "mama yako kanituma nikuchukue". Vyuo vya Kurani na skuli zinazorusha hafla za kuhitimu mubashara, ulizeni wazazi kwanza, tena kwa karatasi, na anaekataa mtoto wake asitolewe kwenye mstari mbele ya wenzake kama mkosaji, mpigapicha azungushe kamera tu. TikTok na WhatsApp zenyewe zinataka miaka 13, sasa mtoto wa darasa la pili akaunti kafunguliwa na nani?

Na jambo moja jengine, jamani. Msizitume hizo klipu kwenye namba zetu za WhatsApp mkiandika "ushahidi huo afisa". Na huko ni kusambaza. Tupigieni, tuelezeni kwa mdomo, simu yenye klipu mpeleke polisi.