Imeishia patamu: dhana potofu kuhusu tamthilia na fasihi

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Dar es Salaam. Nikiuliza darasani nani ametazama tamthilia jana usiku, mikono inanyooka na kushuka haraka, kama vile watoto wamekiri kosa. Wameshaambiwa kwamba tamthilia ya kwenye king'amuzi na riwaya ya kwenye mtaala hazipiki chungu kimoja. Mimi naamini ni za ukoo mmoja, na anayezitenganisha anawafungia watoto mlango wa kuingilia vitabuni.

Dhana: Fasihi kubwa iliandikiwa wasomi, tamthilia ni ya kupotezea muda

Riwaya ya kwanza ya Charles Dickens, The Pickwick Papers, ilitoka London kwa vipande vya kila mwezi mwaka 1836 na 1837, kipande shilingi moja. Mwanzoni ilidorora. Kisha katika kipande cha nne akatokea mtumishi mmoja mwenye maneno, Sam Weller. Watu wakampenda, na kufikia mwisho kila toleo lilikuwa likiuza nakala 40,000 hivi. Mfuatiliaji yeyote wa tamthilia ameshaona hali hii: mhusika aliyeletwa kufungua geti tu ndiye anakuja kusubiriwa na nyumba nzima.

Ufaransa nako, Alexandre Dumas alichapisha Le Comte de Monte-Cristo gazetini, kwa awamu, kati ya 1844 na 1846. Na maigizo ya Shakespeare, yale ambayo Mwalimu Nyerere alikuja kuyatafsiri kwa jina la Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi (1969), yalitazamwa pia na watu wa kawaida waliolipa peni moja na kusimama uwanjani mpaka mwisho.

Dhana: Kuishia patamu ni janja ya televisheni

Hii ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu sisi ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad anaokoa shingo yake kwa kukatisha hadithi kunapopambazuka. Mfalme anataka kujua kilichofuata, kwa hiyo hawezi kumuua. Mwanamke yule anaishi kwa sababu ya neno "itaendelea".

Halafu mfungue Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi inayoelea angani. Anajitetea kwa siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa upande mmoja: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni, ardhini. Kila mjumbe alirudi na jambo la kuifaa nchi, naye akalipwa adhabu. Hukumu inangoja wakati hadithi inaendelea. Nilipoacha kuwasomea wanafunzi wangu kitabu kile kwa mfululizo, nikaanza kusoma siku moja ya kesi kwa kipindi na kufunga kitabu kengele ikilia, kijana mmoja wa nyuma akanifuata koridoni: "Mwalimu, na huyu wa kesho naye wanamfunga?" Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza swali mwaka ule.

Dhana: Mama mkwe, mimba na urithi ni mambo mepesi

King Lear ya Shakespeare ni habari ya baba anayegawa urithi vibaya. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ni habari ya binti, baba mkali na wanaume, nayo ilipigwa marufuku shuleni kwa jinsi ilivyogusa penyewe. Mwanakupona alimtungia binti yake utendi kuhusu kuishi na mume mwaka 1858, na hadi leo tunausoma. Na TBC ilipoonyesha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, watu wa hapa waliifuata ingawa Beijing hawajawahi kufika. Mkwe ni mkwe.

Dhana: Wahusika wa tamthilia ni wema watupu au wabaya watupu

Nenda saluni. Ninakosukia mimi ni Mwananyamala, chumba kimoja, televisheni ndogo imefungwa juu ya kioo. Jumamosi moja nimekaa, upande mmoja wa kichwa umeshasukwa, mwingine bado, tamthilia ikamwonyesha mke mdogo akichoma cheti cha hospitali cha mke mwenzake jikoni. Msusi wangu akasimama na rasta mkononi.

"Huyu mwanamke shetani," akasema mteja wa pembeni.

"Shetani wapi, shoga? Hukumwona wiki ile anavyofukuzwa na wifi yake, mtoto mgongoni, mvua inanyesha? Ule ni woga."

Mama mmoja akatoa kichwa chini ya draya. "Woga haukupi ruhusa ya kuchoma haki ya mwenzio, mwanangu."

Wakabishana mpaka matangazo yakaisha. Mhusika duara, yaani asiye mwema wala mbaya mtupu; kisengerenyuma, yaani kurudi kwenye tukio lililopita; dai linalotetewa kwa ushahidi wa matukio: yote ninayohangaika nayo ubaoni yalikuwa mle, bila mtu kuyataja kwa majina yake.

Dhana: Kama ni hivyo, kutazama kunatosha

Hapana, na hapa nasema na wapenzi wenzangu wa tamthilia. Kamera inakuonyesha uso, ukurasa unakuingiza nyuma ya uso. Sentensi ya Shaaban Robert ina mizani yake, na masikio yasiyoisikia utotoni hupata shida kuizoea ukubwani. Pia tamthilia inalipwa kwa kuendelea. Ikipendwa inavutwa, aliyezikwa anarudi, siri iliyofichuka inazaa siri nyingine. Waandishi nao wamewahi kulegea: Dickens alibadilisha mwisho wa Great Expectations kwa ushauri wa rafiki yake. Lakini Kezilahabi alimwacha Rosa afe, na hakuna msimu wa pili.

Msusi wangu niliwahi kumpa Rosa Mistika. Alikisoma kati ya wateja, kurasa zikarudi na alama za mafuta ya nywele. Siku ananirudishia hakuanza na Rosa wala baba yake. Aliniketisha, akagawa nywele kwa kitana, akasema, "Mwalimu, niambie. Yule mama yake, alikuwa ananyamaza kwa upole au kwa kuogopa?"

Tulizungumza mpaka mstari wa mwisho.