Metali ikikazwa isicheze hata kidogo, oili itapita wapi?

Wiki jana mzee mmoja aliniletea Ford Model A yake ya 1930. Konrodi moja, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu wa injini), inagonga kama mdai mlangoni. Hata sampu, bakuli la oili la chini, sijaishusha, akaniambia: "Fundi, toa shimu ukaze metali, isicheze hata kidogo." Yaani nibandue vibati vyembamba vilivyo kati ya konrodi na kofia yake, ili metali, bitana laini inayoshika krenki, ibane zaidi. Huyo ni wa tatu mwaka huu. Concours ya Ngong, mashindano ya magari ya zamani, ikikaribia, maneno hayo nayasikia kuliko salamu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Krenki haikalii metali, mzee wangu. Injini ikishawaka krenki inaelea juu ya oili: jonali, sehemu ya krenki inayoshikwa na metali, inapozunguka inaivuta oili hadi pale penye upenyo mwembamba, na oili hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Ziba upenyo, chuma kiguse babiti, madini laini ya metali hizi. Babiti nyingi ni bati kwa sehemu kubwa, na babiti ya aina hiyo huanza kuyeyuka karibu nyuzi 240 za Selsiasi. Utaikuta kwenye sampu imeganda matone matone kama solda.

Pini ya konrodi, yaani jonali inayoshikwa na konrodi, kwenye Model A ina kipenyo cha inchi moja na nusu. Kanuni ya wazee ni thau moja (sehemu moja ya elfu ya inchi) kwa kila inchi, kwa hiyo klirensi, upenyo wenyewe, ni thau moja na nusu, yaani milimita 0.038. Ni kama nusu ya unene wa unywele. Hiyo ndiyo "hata kidogo" ninayogombania.

Kupima si kazi ya kuchosha. Futa oili, laza uzi wa Plastigauge, uzi laini unaopondeka, kwenye pini, funga kofia kwa torki yake, nguvu ya kukaza nati (futi-pauni 35 kwa konrodi hizi), usizungushe krenki, fungua, soma upana wa uzi: ukipondeka sana, nafasi ni ndogo. Kwa meni, metali kuu zinazoshika krenki kwenye bloku, kama injini iko ndani ya gari, inyanyue krenki kwa jeki kwanza. Usipofanya hivyo inalalia kofia, uzi unapondeka, nawe unasoma nafasi ndogo kuliko iliyopo.

Wengi wakishasoma hapo wanakimbilia shimu. Ngoja. Pini hailiki sawasawa. Mlipuko unaisukuma upande uleule kila mara, kwa hiyo inaisha upande huo na kuwa yai. Tuseme imelika thau mbili. Ukipima penye ulaji unapata tatu na nusu, unafurahi, unabandua shimu ya thau mbili kila upande, unapima tena: moja na nusu, safi kabisa! Sasa zungusha krenki robo. Upande ambao haujalika ulikuwa na thau moja na nusu tangu mwanzo, nawe umeondoa mbili. Umebaki na deni la nusu thau, na deni hilo injini inalilipa kwa babiti. Na tundu la konrodi lenyewe si duara tena, maana umelibana juu na chini tu, ubavuni liko vilevile. Ndiyo maana mikromita, kifaa cha kupimia kipenyo, hutangulia shimu, na unapima pini sehemu mbili zilizopishana nyuzi 90. Mimi yai likizidi thau moja na nusu napeleka krenki ikasagwe na babiti imiminwe upya. Mwenzangu mmoja, fundi mzuri, huvumilia hadi mbili, na magari yake yanatembea. Sina hoja ya kumshinda.

Wapo pia wanaoniambia presha ya oili ya Model A imeshuka. Geji ya presha umeiona wapi? Haina. Pampu yake inapandisha oili hadi chumba cha valvu, kutoka hapo inateremka yenyewe hadi kwenye meni, na konrodi zinajichotea kwa vijiko vyake.

Lakini wanaonipandisha presha mimi ni wale wanaochukua mambo ya shimu na kuyahamishia Land Rover Series. Ile ina metali za vipande vyembamba vya kubadilishwa, haina shimu, basi wanapiga kofia tupa ili ibane! Nyingine niliifungua nikakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara nyuma ya metali, imekunjwa vizuri kama barua. Metali ya namna hiyo hushikwa kwa kubanwa kwenye kiti chake, na joto lake hutoka kupitia hapohapo mgongoni. Ukiwekea karatasi, haikai sawa wala haipoi. Metali hiyo ilikuwa imeshazunguka ndani ya kofia. Na kofia za meni zilichongwa pamoja na bloku, tundu moja. Ukipiga tupa kofia umeharibu bloku, si kofia tu. Dawa ni kusaga krenki na kuweka metali za saizi 10, 20 au 30, yaani thau zilizosagwa.

Kwenye babiti ya zamani siuamini sana huo uzi wa Plastigauge. Neno la mwisho naliacha kwa mkono: kofia ikishafungwa, konrodi isukumwe ubavuni iteleze kidogo, lakini ukiiacha isidondoke yenyewe. Kuna niliyoiona imekaza kupita kiasi, nikaiacha, ikajilainisha safarini. Nyingine niliisikia sawa na hiyo mkononi, ikaungua.

Pini ya mzee imetoka na yai la thau mbili na nusu. Nimemwambia isagwe. Ameguna, akasema atafikiria. Injini iko chini wazi, nimeifunika gunia.