Mfarishi wa mwanamume: dhana potofu kuhusu ruwaza, na ukweli wake

Ukimshonea mtoto mfarishi wa viraka, hakuna anayekuhoji. Unaweka tembo, twiga na rangi zote ulizonazo, na watu wanakupongeza. Mshonee baba anayestaafu, au mume, au kijana anayehamia mkoani kuanza kazi, na ghafla kila mtu ni mtaalamu. Usiweke maua. Weka bluu. Mtafutie kitambaa chenye picha za trekta. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na sehemu kubwa yake haina msingi.

Kwa asiyeuzoea, mfarishi ni tabaka tatu: uso ulioungwa kwa vipande, pamba katikati, na bitana chini, zote zikishikwa na mishono inayopita juu hadi chini. Ruwaza ni mpangilio wa vile vipande vya usoni. Watu wa nchi nyingi wana mifarishi yao, ila ruwaza nyingi zenye majina tunazokutana nazo leo zilitiwa majina hayo Marekani. Hapa nitayataja kwa Kiswahili.

Dhana: hii ni kazi ya kike, mwanamume ataona haya kujifunika

Katika karne ya 19 askari wa Uingereza walishona mifarishi kwa mikono yao wenyewe, wakitumia sufu nzito ya sare za jeshi: nyekundu, nyeusi, nyeupe, njano, ikakatwa vipande vidogo vya mraba na pembetatu. Mwaka 1856 mchoraji Thomas Wood alimchora askari Thomas Walker, aliyejeruhiwa kichwani katika Vita vya Crimea, akiwa ameketi kitandani hospitalini na sindano mkononi, mfarishi wa namna hiyo umemfunika mapaja.

Marekani nako kulikuwa na Ernest Haight, mkulima wa Nebraska aliyesomea uhandisi. Alishona kwa miongo kadhaa, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kutetea kwamba tabaka tatu zinaweza kushikwa kwa cherehani badala ya mkono. Ruwaza zake zimenyooka kama michoro ya fundi ramani, pembe zinakutana bila kupishana hata unyuzi.

Dhana: maua ni mwiko, na rangi ya waridi ndiyo kabisa

Hii ndiyo nisikiayo kuliko zote, na huwa nastaajabu kuisikia pwani. Mama mmoja aliniambia, "Fundi, mzee wangu usimwekee ua hata moja, ataurudisha." Nikamuuliza, "Na ile kofia yake ya Idi je, mama?" Akacheka. Kofia za kutarizi kwa mkono wanazovaa wanaume Lamu, Unguja mpaka Muscat zimejaa maua na majani. Shati la kitenge analokwenda nalo mzee harusini nalo lina maua makubwa kama sahani. Mandela alihutubia dunia akiwa na mashati ya batiki yenye michoro iliyokolea, na hadhi yake haikupungua.

Kinachoufanya mfarishi uonekane wa kitoto au wa kibibi harusi ni mambo matatu yakikutana: maua madogo madogo, rangi zilizopauka, na vipande vyote kuwa na mwanga ule ule. Ua moja kubwa la rangi ya kutu juu ya buluu nzito ni jambo jingine kabisa. Kaffe Fassett, mzaliwa wa San Francisco aliyehamia Uingereza, amejijengea jina duniani kwa vitambaa vya maua makubwa yanayowaka rangi, na ni mwanamume.

Na waridi? Mwaka 1918 jarida la biashara ya nguo za watoto Marekani lilishauri kwamba waridi ni ya wavulana kwa kuwa ina nguvu zaidi, na bluu ya wasichana kwa kuwa ni ya upole. Kanuni hizi zinageuka na mitindo, mfarishi ukishonwa vizuri unadumu kuliko mtindo.

Rangi ziangalie kwa mwanga na giza kabla ya kitu kingine. Panga vipande sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani ulizodhani zinapingana mara nyingi zinageuka kijivu kimoja, na ruwaza yote inapotea. Anayetaka utulivu wa kweli atazame mifarishi ya zamani ya Waamish, jamii ya Wakristo wanaoishi maisha ya kale yasiyo na makuu, wa kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Hawakutumia kitambaa cha maua wala mistari, ni rangi tupu zilizokoza, zambarau, nyekundu ya damu, kijani cha chupa, na pengine almasi moja kubwa katikati ya mraba. Kwa mzee asiyependa makuu, sijaona kinachoshinda hiyo.

Dhana: mwekee picha ya kitu anachokipenda

Gari, samaki, mpira, nembo ya timu. Mtoto wa miaka saba atafurahi. Mtu mzima atashukuru, atauweka kabatini. Picha humwambia kila mgeni jambo moja tu kuhusu mwenye kitanda, tena kwa sauti kubwa, naye kesho anaweza kuacha uvuvi.

Chukua rangi, acha nembo. Shabiki wa Yanga atatambua kijani na njano bila kuchorewa kitu, na wa Simba nyekundu na nyeupe vilevile. Ruwaza iwe ya mistari na pembe. Nyumba ya Magogo, kwa mfano, huanza na mraba mdogo katikati, ambao kwa desturi huwa mwekundu kama jiko la nyumba. Kisha vipande virefu vyembamba huuzunguka, upande mmoja vyeusivyeusi, upande wa pili vyeupevyeupe. Kila pande, yaani mraba mmoja ulioungwa hivyo, likikamilika linakuwa limegawanyika kwa mshazari, nusu giza nusu mwanga. Ukiyapanga mapande ili mishazari yote ielekee upande mmoja, giza likigusa giza na mwanga ukigusa mwanga, unapata matuta ya shamba. Ukiyageuza yakabiliane unapata almasi zinazopanuka kutoka katikati. Vipande ni vile vile, mshono ni ule ule, na mfarishi mmoja una sura kadhaa kabla hujaunga chochote. Mkulima mpe matuta, atayajua.

Bukini Warukao nayo inafaa: pembetatu zilizofuatana kwenye mstari kama ndege safarini, kila moja upana wake mara mbili ya kimo. Nyayo za Dubu pia, miraba yenye pembetatu ndogo ukingoni kama kucha. Zote zinachukua kitenge vizuri mradi kipande kisiwe kidogo mno. Kitenge chenye ua la inchi kumi ukikikata vipande vya inchi mbili, unabaki na mabaka yasiyo na maana.

Dhana: ruwaza ngumu ndiyo yenye heshima

Hapa nakomaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Mtu ananunua ruwaza ya nyota yenye pembe nyingi, anashona mapande manne, anaacha. Kumbe baadhi ya mifarishi inayoheshimiwa kuliko yote duniani ni mistari mitupu ya nguo za kazi.

Gee's Bend ni kijiji cha Wamarekani weusi huko Alabama, kwenye kona ya mto unaokizunguka karibu pande tatu. Wanawake wa huko walishona mifarishi ya kuzuia baridi kwa walichokuwa nacho: suruali za jinzi, mashati, magunia. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu kumi zenye picha zake.

Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata mapande na mistari, akazishona ziwe mfarishi wa kumkumbuka na kujifunika. Binti yake, aliyekuwa msichana wakati ule, ndiye aliyesimulia habari hiyo baadaye. Ruwaza yake ni ya mistatili tu, bila nyota wala ua. Katika mifarishi ya jinzi ya kijiji hicho utaona mahali mfuko ulipobanduliwa pamebaki bluu iliyokoza, huku pembeni kumepauka kwa jua la shambani. Rangi hiyo huwezi kuinunua dukani.

Karibu zaidi na sisi wapo Wasiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo kuukuu, bila kuchora ruwaza yoyote: huanzia ukingoni, wakizunguka kuelekea katikati kwa sindano ya mkono, na kila pembe wakatia vipande vilivyokunjwa viitwavyo maua.

Basi kwa mwanamume, hasa aliyefanya kazi ya mikono, nguo zake mwenyewe ni pa kuanzia kuliko kitabu chochote cha ruwaza. Jinzi, kadeti na kaki zinapatikana kabatini, zikikosekana ziko mitumbani. Kata sehemu ya nyuma ya mguu wa suruali, kwa kuwa magoti huwa yamekwisha. Tumia sindano ya cherehani namba 16, na mishono iliyokutana minne mahali pamoja igongwe kwa nyundo kabla ya kupita juu yake, la sivyo sindano inakatika. Vipande viwe vikubwa, mistatili ya inchi sita kwa tisa na kuendelea. Jinzi ni nzito, kwa hiyo pamba iwe nyembamba sana au usiitie kabisa. Na badala ya kushona mistari tabaka zote, funga mafundo ya uzi mnene kila baada ya inchi nne au tano. Wataalamu watakunja uso. Mfarishi utakaa.

Mashati ya mistari ya ofisini nayo yanafaa, ila hayo ni mepesi, usiyachanganye na jinzi katika pande moja: upande mmoja utavuta mwingine baada ya kufua mara chache.

Dhana: kuna ruwaza zenye nuksi

Ipo ruwaza ya robo duara iitwayo Njia ya Mlevi, na wahenga wa Marekani walisema kijana akilala chini yake atashika chupa. Nyingine iliitwa Mguu Mzururaji, ikaogopwa kwamba itamtoa mwana nyumbani asirudi, mpaka wakaibadilisha jina ikawa Nyayo za Bata Mzinga na hofu ikaisha. Mchoro ni ule ule. Kama mpokeaji anaamini mambo hayo, usimtajie jina.

Sambamba na hilo, ukisimuliwa kwamba Nyumba ya Magogo na Bukini Warukao zilikuwa ishara za siri za watumwa waliotoroka Marekani, habari hiyo ilienea kwa kitabu cha mwaka 1999, na wanahistoria hawajakuta ushahidi wake katika maandishi ya zama zile. Usiitie kwenye kadi ya zawadi.

Dhana: kipimo ni kimoja, ruwaza ndiyo muhimu

Ningeweza kuanza na hili. Mfarishi wa sofa wa kawaida kwenye ruwaza nyingi zinazouzwa ni inchi 50 kwa 65 hivi. Mtu wa futi sita akiuvuta mpaka kidevuni, vidole vya miguu viko nje. Shirika la Quilts of Valor, lililoanzishwa Marekani mwaka 2003 kuwashonea askari, hupendekeza inchi 60 kwa 80, na hicho ni kipimo kizuri cha kuazima kwa mwanamume yeyote wa kukaa sebuleni.

Kwa kitanda, pima godoro, usikisie. Kitanda cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Godoro likiwa la inchi nane, ongeza nane kila ubavu na nane miguuni, na kama inchi kumi za kufunika mto: unafika 76 kwa 90. Cha nne kwa sita, upana unashuka hadi 64, urefu hauguswi.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua ruwaza. Inchi 60 kwa 80 ukizigawa kwa mapande ya inchi kumi ni mapande 48. Kwa mapande ya inchi ishirini ni 12 tu, matatu kwa manne, na kila moja unalikata inchi ishirini na nusu kwa ajili ya robo inchi ya mshono kila upande. Hayo 12 yatamaliza kazi mapema, na ukubwa wake wenyewe unaupa mfarishi sura ya mtu mzima hata kama kitambaa kina waridi.

Kabla hujakata, fua kila kitambaa. Pamba hurudi, na kitenge chekundu kinapenda kumwaga rangi juu ya cheupe siku ya kwanza mzee anapoutia kwenye beseni. Kiloweke peke yake kwenye maji usiku kucha, suuza, kisha kikaushe juu ya kitambaa cheupe usichokijali. Kikiacha alama, rudia. Kikiacha tena, kishonee mto.