Meza za magogo na taa za matawi: maneno ya mtaani na ukweli wake

Pale Ngong Road, Nairobi, katikati ya sofa na vitanda, siku hizi huwezi kukosa meza ya kipande cha gogo ambacho ukingo wake umeachwa na mikunjo yake ya asili, au taa iliyosimama juu ya tawi lililopinda. Wateja wanazipenda. Uvumi nao umezidi.

“Hizo ni kuni zilizopakwa vanishi, hakuna ufundi hapo.”

Mwenye mbao iliyopigwa randa ana pembe za kupimia. Tawi lililopinda halina hata moja. Ndiyo maana viti vingi vya namna hii vina miguu mitatu: miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Fundi mjuzi hukausha mguu kabisa, kisha anauingiza kwenye tundu la mti wenye unyevu kidogo. Tundu likikauka, linaubana mguu. Ukiona misumari mitupu, uliza bei ya kuni.

“Mti umeanguka wiki jana, mwezi huu nipewe meza yangu.”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mafundi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kwenye hewa kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo ubao wa inchi mbili ni kama miaka miwili. Kuuanika juani hakusaidii: nje hukauka ndani kukiwa kubichi, na nyufa zinafuata. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa, hivyo ncha hupakwa rangi au nta, na ubao hupangwa kivulini ukitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Kujua kama umekauka, upime uzito kila baada ya wiki chache. Ukiacha kupungua, uko tayari.

Kipande cha mviringo, kile kinachoonyesha duara zote za ukuaji wa mti, ni kisa kingine. Mti ukikauka hunywea kuzunguka duara karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea kiini, kwa hiyo lazima upasuke mahali fulani. Anayekuahidi kwamba hautapasuka kamwe anakuuzia maneno. Mimi ningeuacha ufa uonekane.

“Vanishi imeua wadudu.”

Vanishi hufunika tu. Wadudu wanaotoboa mbao hupenda sehemu nyeupe iliyo karibu na gome, na mayai yaliyokwishatagwa humo yataanguliwa. Bandua gome, paka maji ya boraksi, chumvi inayoua wadudu, mbao ikiwa tupu, iache ikauke, ndipo vanishi ifuate. Ukikuta unga laini chini ya meza mpya, irudishe.

“Taa ya mti itaunguza nyumba.”

Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa na joto la kutisha. Balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga unaokaribia huo na joto dogo sana. Hofu ihamie kwenye waya: upite ndani ya tundu lililosuguliwa msasa usichubuke, na plagi iwe na fyuzi ya ampea 3. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na ya 13, ambayo itaacha waya mwembamba uungue kabla haijakatika.

“Jakaranda iko uani kwangu, naikata nitakavyo.”

Nairobi unahitaji kibali cha kaunti kwanza, hata kwa mti ulioupanda mwenyewe.