Je, wajua kwa nini kuna supamaketi ambako watu huenda kubana matumizi?

Mbeya ukisikia mtu anasema sukari kainunua supamaketi, unajua tu mambo yake si mabaya. Supamaketi ni pa jibini, mvinyo na biskuti za nje. Mchele na mafuta tunafuata soko la Mwanjelwa au duka la jirani. Ujerumani kuna supamaketi za aina nyingine kabisa, ambako mtu huenda hasa mwisho wa mwezi hela zikiwa zimekata. Mbili kubwa ni Aldi na Lidl, na zimekwishavuka mipaka hadi Uingereza na Marekani, Aldi ikafika mpaka Australia. Bei yao inashukaje hivyo?

Vijiweni majibu hayakosekani. La kwanza ni kwamba mali yenyewe ni hafifu. Lakini Stiftung Warentest, taasisi ya Ujerumani inayopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi tangu 1964, mara kwa mara huzipa bidhaa hizo alama sawa na zile za majina makubwa, na wakati mwingine alama za juu zaidi. Nyingi hutengenezwa kwa oda, zikabandikwa nembo ya duka. Jibu la pili ni kwamba tajiri anauza kwa hasara mpaka wenzake wafunge, kisha apandishe bei. Aldi wako kwenye biashara hii tangu miaka ya 1940, na Karl Albrecht, mmoja wa ndugu wawili walioijenga, alikuwa kwa miaka mingi mtu tajiri kuliko wote Ujerumani. Hasara ya namna hiyo wengi tungeitamani.

Jibu la tatu ndilo linalonasa hata wanaoijua biashara: wananunua kwa wingi, basi. Hapa kuna ukweli nusu, na nusu nyingine ndiyo yenye utamu. Walmart ya Marekani ilinunua mali nyingi kuliko muuzaji yeyote wa rejareja duniani. Ikaingia Ujerumani mwaka 1997, ikahangaika, ikaondoka mwaka 2006. Yapo mengi yaliyoiangusha, yakiwemo sheria za kazi na desturi za wateja, lakini kama wingi peke yake ungetosha, Aldi ndio wangefunga.

Tofauti iko kwenye idadi ya aina za vitu. Supamaketi kubwa ya kawaida hubeba aina 30,000 hivi. Aldi hubeba kama 1,500 hadi 2,000.

Chukua mama ntilie wa stendi anayepika wali, ugali, maharage na nyama. Alfajiri anajua mchele wa kuchambua ni kilo ngapi. Saa nane mchana masufuria yamekauka, na mauzo ya leo ndiyo yanayonunua chakula cha kesho. Friji ya kutunzia kiporo hana, maana kiporo hakuna. Sasa mpe menyu ya kurasa nane. Atanunua jibini kwa ajili ya piza inayoulizwa mara moja kwa wiki, jibini litaharibika, ataajiri mpishi wa pili, ataongeza chumba cha stoo. Na ile piza ambayo hakuna aliyeila italipiwa na mteja wa wali.

Hapo ndipo Walmart ilipobanwa. Duka lenye aina kumi na mbili za tomato sosi linagawa mauzo yake mara kumi na mbili. Lenye aina moja linamwendea mwenye kiwanda na oda nzima mkononi, hivyo kampuni ndogo kuliko Walmart inaweza kuwa mnunuzi mkubwa kuliko Walmart kwenye chupa hiyo moja. Tena mali ikitoka haraka, inakuwa imeshauzwa kabla siku ya kumlipa mwenye kiwanda haijafika.

Mengine yanafuata yenyewe. Katoni hukatwa upande mmoja na kuwekwa hivyo hivyo. Alama ya kuskani huchapwa pande kadhaa za pakiti ili keshia asihangaike kuigeuza. Kabla mashine za kuskani hazijaingia kwao, miaka ya 2000, makeshia wa Aldi walikariri bei au namba za bidhaa zote kichwani, jambo ambalo kwa aina 30,000 lisingewezekana hata kwa malaika.

Kwa hiyo kinachovuka mpaka ni utaratibu huu. Aldi waliingia Austria miaka ya 1960 kwa kununua maduka ya Hofer, Marekani mwaka 1976, Uingereza mwaka 1990. Si kote walikopokelewa. Lidl waliingia Norway mwaka 2004 na kufikia 2008 wameuza kila kitu kwa Rema 1000. Miaka kadhaa baadaye Aldi nao wakaondoka Denmark, wakiwauzia hao hao Rema 1000 sehemu kubwa ya maduka yao. Rema ni wenyeji wa Norway waliokuwa wanatumia mbinu hiyo hiyo, na ile 1000 kwenye jina ilihusu idadi ya bidhaa.

Umaskini nao si kizuizi. BIM ya Uturuki, iliyoanzishwa 1995 kwa kufuata Aldi, iliingia Morocco mwaka 2009 na Misri mwaka 2013, kwa viduka vidogo vya mitaani.

Mbona basi hatuwaoni Mbeya? Mtu atataja Shoprite ya Afrika Kusini, iliyofungua Tanzania mwaka 2001 na kuondoka 2014. Mfano huo haufai sana, maana yale yalikuwa maduka ya vitu vingi. Ugumu ni kwamba ghala moja linatakiwa kulisha matawi makumi yaliyo karibu karibu. Lori likipanda mlima Kitonga kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, kwa ajili ya tawi moja, nafuu yote imeishia kwenye dizeli. Mimi ningejaribu ghala Makambako, njia panda ya Njombe na Songea, liwe na matawi Mafinga, Iringa, Mbeya na Tunduma kwa mpigo.

Na bado mwenye duka la namna hiyo viazi asingevigusa. Muuzaji wa Mwanjelwa anauza kitu kimoja, palepale kwenye lumbesa, hana shelfu wala kiyoyozi, na jioni kimekwisha. Hapo hakuna gharama ya kupunguza. Nafasi ingekuwa kwenye sabuni, sukari na mafuta ya kula. Huko nako angekutana na mteja anayesema "nipimie ya mia tano". Mafuta ya kupima, ukipiga hesabu ya lita nzima, mara nyingi ni ghali kuliko ya chupa. Lakini duka la mtindo wa Aldi linataka ubebe chupa nzima, na hiyo mia tano ndiyo hela yote aliyokuja nayo.